Skii ya nyikani na marafiki: mwongozo kamili wa kupanda, kuteleza na kurudi salama

Anayepanga safari yake ya kwanza ya skii ya nyikani mara nyingi huanzia dukani. Analinganisha uzito wa skii, anajaribu buti, anauliza bei ya koti. Vyote vina nafasi yake, lakini kwenye mlima usio na lifti, usio na walinzi, na ambao hakuna aliyeamka alfajiri kulipua theluji hatari kabla hujafika, linaloamua mengi ni kundi ulilokwenda nalo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na watu, halafu unafika kwenye vifaa, ramani na siku yenyewe.

Nimechukulia kwamba tayari unateleza vizuri kwenye viwanja vya skii, hata theluji ikiwa nzito, ngumu au imekatikakatika. Kama bado, ongeza msimu mmoja viwanjani kwanza. Nyikani utateleza ukiwa na mzigo mgongoni na miguu iliyochoshwa na saa kadhaa za kupanda.

Hatua ya 1: Chagua kundi

Watu watatu hadi watano wanatosha. Mkiwa wawili na mmoja akafukiwa na poromoko la theluji, aliyebaki anatafuta, anachimba na kupiga simu peke yake. Mkizidi sita, maamuzi yanakuwa mkutano, na watu wa nyuma hawajui wa mbele wameamua nini.

Tafuta watu wenye uwezo na nia zinazokaribiana. Rafiki anayetaka kushuka mteremko mkali kwa kila hali na rafiki anayetaka matembezi na picha wanaweza kupendana sana, ila siku moja mlimani haiwatoshi wote wawili. Ulizaneni mapema, tena kwa maneno ya wazi: kila mmoja anataka nini siku hiyo, anaogopa nini, ana tatizo gani la goti au la pumzi.

Kisha wekeni kanuni moja ambayo haijadiliwi: mmoja akisema hapana, kundi zima linageuka. Hatakiwi kutoa sababu wala kutetea hoja. Mtu akisema tu, "Jamani, mimi hapa sipapendi," mazungumzo ni ya njia mbadala, basi. Kanuni hii ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mtafiti Ian McCammon, aliyechambua mamia ya ajali za maporomoko ya theluji Marekani, alionyesha kwamba watu wengi waliingia kwenye hatari ambayo dalili zake zilikuwa wazi. Walivutwa na mazoea ya mahali, na hamu ya kukubalika mbele ya wenzao, na imani kwamba mwenye uzoefu zaidi lazima anajua, na shauku ya kuwahi theluji ambayo haijaguswa. Yote hayo hustawi vizuri zaidi kati ya marafiki, maana rafiki hapendi kumharibia rafiki siku.

Mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote ana jukumu la ziada: asiwe wa kwanza kutoa maoni. Akisema yeye kwanza, wengine watanyamaza.

Hatua ya 2: Jifunzeni pamoja

Kozi ya usalama wa maporomoko ya theluji, ya siku mbili au tatu, huja kabla ya safari yoyote. Vitabu na video husaidia kuelewa, lakini kutafuta mtu aliyefukiwa ni kazi ya mikono, na mikono hujifunza kwa kurudia. Kozi mkiifanya pamoja ni bora zaidi, kwa sababu siku ya ajali anayekutafuta ni mwenzako. Ustadi wako mwenyewe hautakusaidia ukiwa chini ya theluji.

Kwa safari ya kwanza kabisa, kumlipa kiongozi wa milima mwenye cheti ni matumizi mazuri ya pesa. Kama mnapita juu ya barafu ya kudumu yenye nyufa, kiongozi si hiari tena. Huko kunahitajika kamba na ujuzi ambao mwongozo huu hauugusi.

Hatua ya 3: Vifaa

Kuna vitu vitatu ambavyo kila mtu hubeba mwilini mwake au mgongoni mwake, bila kuchangia: bikoni, ufito wa kuchoma ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi.

Bikoni ni kifaa kidogo kinachovaliwa chini ya koti, kikituma ishara kwa masafa ya kilohezi 457. Masafa hayo ni ya kimataifa, kwa hiyo bikoni za kampuni tofauti husikiana. Mtu akifukiwa, wenzake wanageuza zao ziwe za kupokea na kuifuata ishara. Weka betri za aina iliyotajwa na mtengenezaji. Nyingi zinataka za alkali, na za kuchaji huonyesha kiwango cha uongo. Ufito uwe na urefu wa sentimita 240 au zaidi. Beleshi liwe la chuma chepesi cha alumini lenye mpini unaorefuka, kwa sababu theluji ya poromoko hukaza mara tu inaposimama na beleshi la plastiki huvunjika. Mkoba wenye puto, ambao ukivuta mpini hujaa hewa na kukusaidia kubaki juu, unaongeza nafasi ya kupona, ila haukulindi dhidi ya mti wala jabali.

Kwa kupandia unahitaji vifungio vinavyoachia kisigino, buti zenye hali ya kutembea, na ngozi. Ngozi hizi ni vitambaa virefu vya mohea au nailoni vinavyobandikwa chini ya skii kwa gundi. Nywele zake zimelala upande mmoja, hivyo skii husonga mbele na kukataa kurudi nyuma. Zamani zilikuwa ngozi halisi za sili, na jina limebaki. Zikate zifuate umbo la skii yako, ukiacha kingo za chuma wazi, na uzijaribu nyumbani. Ongeza kucha za skii, zile meno za alumini zinazowekwa chini ya buti, kwa ajili ya asubuhi theluji inapokuwa barafu.

Mavazi ni ya matabaka. La ndani liwe la sufu au la nyuzi za viwandani. Pamba ikilowa jasho haikauki, na utatetemeka kwenye mapumziko ya kwanza. Beba koti nene lililojazwa manyoya au nyuzi ambalo hulivai ukitembea, glovu pea mbili, kofia, helmeti, miwani ya jua na miwani kubwa ya theluji. Mafuta ya kujikinga na jua yapakwe hadi chini ya kidevu na ndani ya pua, kwa kuwa theluji hurudisha mwanga kutoka chini.

Vitu vya kundi vinaweza kugawanywa: huduma ya kwanza, turubai jepesi la kumfunika majeruhi, kifaa cha mawasiliano ya setilaiti, na mfuko wa matengenezo. Kwenye mfuko huo weka bisibisi inayolingana na skrubu za vifungio, waya, plaisi ndogo, gundi ya kunata na mikanda miwili mitatu ya mpira ya kufungia skii. Mkanda huo wa mpira hufunga ngozi iliyokataa kushika, fimbo iliyovunjika, hata banzi la mguu. Nikiambiwa nipunguze mzigo, ni kitu cha mwisho kutoa.

Hatua ya 4: Soma taarifa ya maporomoko

Nchi nyingi zenye milima ya skii hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kila siku wakati wa baridi. Ngazi ni tano: 1 ni hatari ndogo, 2 ya wastani, 3 ya kutia shaka, 4 kubwa, 5 kubwa sana. Wengi huishia kwenye namba, na hapo ndipo wanapokosea. Ngazi ya 3 huonekana ya katikati na watu huichukulia kama ruhusa, ilhali sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za ngazi hiyo. Ngazi hazipandi kwa hatua sawa. Kutoka 2 kwenda 3 hatari inaongezeka maradufu na zaidi. Kundi jipya lianze siku za 1 au 2, na siku ya 3 libaki kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30 isiyo na mlima mkali juu yake.

Baada ya namba, soma maelezo. Yatakuambia tatizo la siku ni lipi, liko pande zipi za mlima na kuanzia mwinuko gani. Theluji mpya ni tatizo linaloonekana, na mara nyingi hutulia baada ya siku chache. Theluji iliyobebwa na upepo hujikusanya nyuma ya matuta na kutengeneza bamba gumu juu ya tabaka laini. Saa chache za upepo mkali zinatosha kulijenga, hata kama anga ni safi na hakuna kilichodondoka. Joto la ghafla na mvua huilowesha theluji hadi ikaachia yenyewe. La kuogopesha zaidi ni tabaka dhaifu lililofukiwa: chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari, zilizotengenezwa na baridi kali na sasa zimelala chini ya nusu mita ya theluji nzuri. Hilo hudumu kwa wiki kadhaa, halionekani kwa macho, na mtu wa tano anaweza kulivunja baada ya wanne kupita salama. Taarifa ikitaja tabaka la namna hiyo, nyayo za waliotangulia hazithibitishi chochote.

Hatua ya 5: Chora njia

Kaeni na ramani jioni ya kabla. Mengi ya maporomoko ya bamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na ramani nyingi za kidijitali sasa hupaka rangi miteremko hiyo. Angalia sehemu unayokanyaga, kisha angalia kilicho juu yake, maana poromoko huteremka hadi kwenye tambarare ambapo mtu anakula mkate wake bila wasiwasi. Halafu angalia kilicho chini. Korongo jembamba, genge au msitu hugeuza poromoko dogo kuwa la kuua. Kwenye korongo theluji haina pa kutawanyika, inarundikana juu yako.

Kwa muda, kanuni ya mwongoza milima wa Uswisi, Werner Munter, ni rahisi kuikumbuka. Chukua kilomita za njia, ongeza mita za kupanda ukizigawa kwa 100, kisha gawa jumla kwa 4. Njia ya kilomita 5 yenye mwinuko wa mita 900 inakupa 5 + 9 = 14, na 14 ukiigawa kwa 4 ni saa tatu na nusu za kupanda. Kundi jipya liongeze saa moja, na mapumziko juu yake. Ukiona hesabu inakufikisha kileleni alasiri wakati jua limeilainisha theluji, fupisha njia au amka mapema zaidi.

Andika pia sehemu za maamuzi, yaani mahali ambapo mtasimama na kuulizana kama mnaendelea. Chagua mahali salama kabla ya hatari, kwa mfano mwisho wa msitu au chini ya bega la mlima. Pangeni saa ya kugeuka, mfike au msifike. Na muwe na njia ya pili, nzuri kweli, inayotamanika. Kundi lenye mpango mmoja tu hugeuka kwa shida sana.

Mtu aliyebaki nyumbani apewe njia, saa ya kurudi, na namba ya kupiga mkichelewa.

Hatua ya 6: Asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza

Simu zikae mbali na bikoni: angalau sentimita 20 ikiwa inatuma, na sentimita 50 ikiwa inatafuta. Glovu zenye umeme na saa za kisasa ziko kwenye kundi hilohilo la wavurugaji.

Kisha ukaguzi. Mmoja anatangulia mita 20 hivi na kuweka bikoni yake kwenye kupokea. Wengine, zao zikituma, wanampita mmoja mmoja huku akisikiliza kila ishara. Halafu anarudisha yake kwenye kutuma na wa mwisho anamhakiki yeye. Ni dakika mbili. Fanyeni kila siku, hata mkiwa mmechelewa, hata kama ni watu walewale wa jana. Bikoni iliyosahauliwa kuwashwa ni sawa na kutokuwa nayo.

Anza ukihisi baridi kidogo. Ukiwa na joto zuri ukiwa umesimama, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa.

Hatua ya 7: Kupanda

Usinyanyue skii, iburute. Mguu unateleza mbele, uzito unahamia katikati ya skii, kisigino kinabonyeza na ngozi inashika. Wageni huinama mbele wakiona mwinuko, na hapo ngozi inaachia kwa sababu uzito umekwenda vidoleni. Simama wima, punguza hatua. Kinyanyua kisigino, kile kidude cha kwenye kifungio kinachoinua kisigino cha buti kwenye mwinuko, kitumie kidogo. Ukikihitaji cha juu kabisa muda wote, njia yako ni kali mno na inafaa kuchorwa upya kwa zigizaga.

Kwenye kona kali kuna mtindo wa kugeuza kwa teke. Simama imara, inua skii ya upande wa mlimani na uigeuze hadi itazame uelekeo mpya, hamishia uzito juu yake, kisha piga kisigino cha mguu uliobaki nyuma kidogo ili ncha ya skii iinuke na kuzunguka. Jifunze kwenye tambarare. Kwenye mteremko mkali si mahali pa kujifunzia.

Mwendo ni ule unaoruhusu maongezi. Akishindwa mtu kujibu sentensi nzima, mnakwenda mbio. Kila baada ya saa kunywa na kula kidogo. Mrija wa mfuko wa maji huganda, kwa hiyo chupa yenye chai ya moto ni ya kuaminika zaidi.

Macho na masikio yawe wazi muda wote. Poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wenu ni dalili kubwa kuliko zote. Nyufa zinazokimbia mbele ya skii ni dalili. Sauti nzito ya "wumm" chini ya miguu, huku theluji ikishuka ghafla sentimita moja hivi, ni tabaka dhaifu lililobomoka hapo hapo ulipo. Kama mteremko ungekuwa mkali zaidi, ungekuwa tayari unaondoka. Ukiisikia, mpango wa miteremko mikali umekwisha kwa siku hiyo.

Mkilazimika kuvuka mteremko wa kutia shaka, piteni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Toa mikono kwenye vitanzi vya fimbo. Na mkiwa kwenye tuta la kilele, kaeni mbali na ukingo: upepo hujenga paa la theluji linaloning'inia hewani, na hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 8: Juu, na kushuka

Vaa koti nene kwanza, kabla ya picha. Bandua ngozi, zikunje gundi kwa gundi na uziweke ndani ya koti kama utapanda tena, maana gundi iliyoganda haishiki. Funga buti, geuza vifungio viwe vya kutelezea, kagua mwenzako. Kusahau kugeuza buti kutoka hali ya kutembea ni kosa la kila siku, na huligundua kwenye kona ya kwanza.

Hapa ndipo kanuni ya hatua ya kwanza inapotakiwa kufanya kazi. Kila mtu amechoka, mteremko mweupe uko mbele, na yule aliyekuwa akiongea njia nzima sasa amenyamaza. Mwulize kwa jina. "Wewe unaonaje?" Swali la "tuko sawa wote?" hupata jibu la "ndiyo" daima, kwa hiyo halifai.

Mkikubaliana, mmoja anashuka, wengine wanamwangalia mwanzo hadi mwisho. Anasimama pembeni, mahali palipokubaliwa, nje ya njia ya theluji yoyote inayoweza kumfuata, kamwe si katikati ya mteremko. Msituni nendeni wawili wawili mkionana, kwa kuwa chini ya matawi ya misonobari kuna mashimo ya theluji laini ambamo mtu hutumbukia kichwa chini na hawezi kujitoa.

Hatua ya 9: Poromoko likitokea

Ukinaswa wewe, jaribu kwanza kutoka pembeni kwa skii. Likikushinda, vuta mpini wa puto kama unalo, tupa fimbo, pambana ubaki juu, na linapopunguza kasi weka mikono mbele ya uso upate nafasi ya kupumulia.

Kwa mliobaki, saa imeanza. Uchambuzi wa ajali za Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba waliotolewa ndani ya dakika 10 walipona kwa zaidi ya asilimia 90. Kufikia nusu saa ni karibu asilimia 30. Waokoaji wa helikopta mara nyingi hawafiki ndani ya muda huo. Mwokoaji ni ninyi.

Kariri mahali alipoonekana mara ya mwisho. Hakikisheni hakuna poromoko jingine linaloning'inia juu. Mmoja aongoze, kwa sauti. Mkiwa wengi, mmoja apige simu sasa. Mkiwa wawili tu, tafuta kwanza. Wote wageuze bikoni kwenye kupokea, hata asiyetafuta, la sivyo mtafuata ishara ya mwenzenu aliyesimama. Shuka kwa haraka chini ya pale alipoonekana ukitazama pia glovu au ncha ya skii inayochungulia. Ukipata ishara, fuata mshale. Chini ya mita 10 punguza kasi; ukifika mita 3 shusha bikoni hadi iguse theluji, isogeze taratibu kwa umbo la msalaba bila kuizungusha, na weka alama penye namba ndogo kabisa.

Hapo choma ufito, wima kwa uso wa mteremko, ukizunguka kuelekea nje kwa nafasi ya sentimita 25. Mwili unahisika tofauti na ardhi. Ni kitu kinachokubali kidogo. Ukigusa, uache ufito palepale. Chimba kutokea upande wa bondeni, umbali wa mara moja na nusu ya kina chake, mkielekea kwake kwa mlalo. Kuchimba moja kwa moja juu yake kunambana na kuwachosha. Mchimbaji wa mbele abadilishwe kila dakika moja, wengine wasukume theluji nyuma. Fungua uso na kifua kwanza. Kama hapumui, mpulizieni pumzi tano kabla ya kuanza kukandamiza kifua, kwa kuwa wengi wa waliofukiwa hukosa hewa. Kisha mfunikeni na mumsogeze kwa upole, kwani moyo uliopoa huvurugika kwa urahisi.

Namba ya dharura Ulaya ni 112. Pasipo na mtandao, ishara ya kimataifa milimani ni miluzi au mimuliko ya tochi 6 kwa dakika, mkisimama dakika moja na kurudia. Jibu ni 3 kwa dakika.

Hatua ya 10: Jioni

Mjulisheni mliyemwachia ratiba kwamba mmerudi. Kisha, kabla ya kutawanyika, mpeane dakika kumi za kuulizana: wapi tulikuwa karibu zaidi na ajali leo, na nani alikuwa na wasiwasi ambao hakuusema? Siku iliyokwisha vizuri ndiyo hasa inayohitaji swali hili, maana mteremko haukuambii kama ulikuwa sahihi au ulikuwa na bahati tu.

Ngozi zianikwe mbali na hita, gundi isiyeyuke. Buti zifunguliwe kabisa na soli za ndani zitolewe. Msimu ukiisha, toa betri kwenye bikoni. Zikivuja humo ndani, hutajua hadi asubuhi ya ukaguzi wa safari ijayo.